Vipuri adimu vya injini za zamani: Jinsi vinavyofufuliwa badala ya kusakwa

MIONGO miwili baada ya gari aina ya Peugeot 504 kuacha kuundwa nchini Kenya mnamo 2004, bado wako wanaoliendesha Kakamega na maeneo jirani. Mwenye gari hilo anapoingia dukani kuulizia laina au pistoni za injini, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba hazipo, au labda ziko Nairobi.

Hali ni hiyo hiyo kwa wenye Toyota Corolla za kizazi cha KE70, pikapu za Datsun 1200 na Land Rover za zamani. Kipuri kimoja kikikosekana, gari zima hulala. Kwa anayelitegemea kubebea maziwa, miwa au mboga za sokoni, hasara huanza siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, kukosekana kwa kipuri dukani si sawa na kufa kwa injini. Injini nyingi za zama hizo ziliundwa kwa kukusudia zifunguliwe, zipimwe, zichongwe na kufungwa tena mara kadhaa katika maisha yake. Ndiposa fundi mzoefu huanza kwa kujiuliza iwapo kipuri kilichochakaa kinaweza kurudishwa katika vipimo vyake. Kisha huuliza kama kinaweza kutengenezwa upya papa hapa. Duka huja baada ya hayo.

Mpangilio huo ukifuatwa, kazi nyingi zilizodhaniwa haziwezekani hukamilika kati ya Kakamega na Kisumu, mwendo wa takriban kilomita 50. Ukipuuzwa, mwenye gari hujikuta amenunua vipuri visivyolingana na injini yake, na wakati mwingine kuiua kabisa.

Kwa nini viliadimika

Katika miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vya kuunganisha magari mjini Thika, Nairobi na Mombasa. Gari lililounganishwa nchini lilikuwa na wakala, bohari na vipuri vilivyoagizwa kwa wingi.

Peugeot ilikuwa na sifa ya ziada. Modeli ya 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, nayo 504 ikashinda 1975 na 1978. Gari lililostahimili matope na mawe ya mashindano hayo liliaminiwa na wasafiri wa kawaida pia. Peugeot za safu tatu za viti zilisafirisha abiria kati ya Nairobi na miji ya magharibi kwa miaka mingi kabla ya matatu ndogo za Kijapani kutawala.

Mambo yalibadilika uchumi ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani na Dubai. Maduka ya vipuri, yakiwemo yale ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, yaliifuata biashara ilikokwenda.

Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kilichangia pia. Kiwango hicho kinazuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika ambayo yamepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, magari makuukuu ya kubomolewa ili kutoa spea hayaji tena kutoka nje. Yaliyobaki ni yale yaliyokuwa nchini, na mengi kati ya hayo yaliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma.

Kuitambua injini kabla ya kusaka kipuri

Kosa la kwanza la wanaosaka vipuri ni kutaja jina la gari badala ya jina la injini. "Pistoni za Peugeot 504" ni maelezo yasiyotosha. Zipo 504 za petroli zenye injini ya XM7, ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 84 na ujazo wa sentimita 1,796 za ujazo. Zipo nyingine zenye XN1, ambayo kipenyo chake ni milimita 88 na ujazo ni 1,971. Kwa nje injini hizo zinafanana mno, lakini pistoni ya moja haiingii katika nyingine. Isitoshe, zipo 504 za dizeli ambazo ni ukoo tofauti kabisa.

Jambo la pili ni kujua injini hiyo ilitumika wapi kwingine. Pikapu ndogo ya Nissan 1400 iliundwa Afrika Kusini hadi 2008 ikiwa na injini ya ukoo mmoja na ile ya Datsun 1200. Injini za ukoo wa K za Toyota, ambao ndio wa Corolla nyingi za KE70, zilitumika pia katika magari ya kunyanyulia mizigo boharini, hasa ile ya 5K. Muuza vipuri ambaye hana chochote cha Corolla ya 1982 anaweza kuwa na kifaa kile kile kikiwa na jina la mashine nyingine. Ila ujamaa wa injini haumaanishi kwamba kila kitu kinabadilishana. Kila kipuri sharti kipimwe kando ya kile cha zamani.

Jambo la tatu, na pengine lenye manufaa zaidi, ni kwamba beringi na sili za oili hutambuliwa kwa vipimo wala si kwa aina ya gari. Beringi iliyoandikwa 6203, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na upana wa milimita 12, iwe imetoka katika gari, mota ya umeme au mashine ya kusaga mahindi. Vivyo hivyo, sili huandikwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Anayesoma nambari hizo anaweza kupata Kakamega, katika duka la beringi za viwandani, kile alichoambiwa kiko ng'ambo pekee.

Kwa sababu zote hizo, kipuri cha zamani hakitupwi hata kikiwa kimevunjika vipande viwili. Ndicho kielelezo cha mkerezaji, ndicho ushahidi wa vipimo na mara nyingine ndicho malighafi ya kipuri kipya. Usitupe mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga.

Silinda, laina na pistoni

Silinda huliwa zaidi karibu na sehemu ya juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, na huliwa kwa umbo la yai badala ya duara. Kwa hivyo hupimwa juu, katikati na chini, tena kwa pande mbili zinazokingamana. Fundi anayepima mahali pamoja tu hajapima.

Silinda zilizochongwa moja kwa moja ndani ya bloku, kama zilivyo za Corolla, hutanuliwa kwa mashine hadi kipimo kinachofuata, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 zaidi, kisha hufungwa pistoni za ovasaizi hiyo. Pistoni hizo zisipopatikana, bado ipo njia. Silinda hutanuliwa zaidi, hupigiliwa laina kavu ya chuma cha kalibu, na laina hiyo huchongwa hadi kipimo cha asili cha kiwandani.

Utaratibu ni kupata pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kuzifuata. Wapo waliochongewa bloku wakitarajia kununua pistoni wiki ijayo, na wiki hiyo haikufika. Baada ya kuchonga, kuta za silinda humaliziwa kwa mawe maalumu yanayoacha mistari myembamba inayopishana. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi mpya.

Peugeot 504 ina mpango tofauti. Laina zake huitwa za maji kwa kuwa maji ya kupoza injini huzizunguka moja kwa moja, nazo huchomolewa kwa mkono na kubadilishwa pamoja na pistoni bila bloku kuchongwa. Huo ni urahisi mkubwa, lakini una masharti mawili.

Kwanza, hedi ikishafunguliwa, krankshafti isizungushwe kabla ya laina kubanwa kwa bolti na vipande vya chuma. Zikiinuka hata kidogo, sili zilizo chini yake huharibika na maji hupenya hadi kwenye oili. Dalili yake ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia.

Pili, laina zote nne sharti zichomoze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo kilichotajwa katika kitabu cha injini. Zikiwa chini mno au zikitofautiana, gaskiti ya hedi haitadumu. Sehemu laina inapokalia ikiwa imeliwa na kutu kwa sababu ya miaka mingi ya kutumia maji matupu bila dawa ya kuzuia kutu, mkerezaji anaweza kuisawazisha na kufidia kwa pete nyembamba ya shaba.

Krankshafti

Nafasi inayoachwa kati ya krankshafti na beringi zake kwa kawaida ni takriban milimita 0.03 hadi 0.06, yaani pungufu ya unene wa unywele wa binadamu. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kukadiria hilo. Karakana isiyo na maikromita haifai kukabidhiwa kazi hii.

Krankshafti iliyoliwa husagwa hadi milimita 0.25 au 0.50 chini ya kipimo cha asili, na hufungwa beringi nene zaidi zinazolingana. Kabla ya hapo huchunguzwa kama ina ufa, kwa sumaku na ungaunga wa chuma au kwa rangi ya kupenya. Kuisaga krankshafti yenye ufa ni kupoteza fedha mara mbili.

Kuna kosa moja lisiloonekana hadi gari limetoka karakanani. Kwenye kona ambapo sehemu ya kuzungukia inakutana na ukuta wake, kiwanda huacha mviringo mdogo. Mkerezaji akiukata ukawa kona kali, nguvu zote hukusanyika hapo na krankshafti hukatika baada ya miezi. Mwenye gari ana haki ya kuuliza kuhusu mviringo huo kabla ya kulipa.

Hedi na petroli isiyo na risasi

Hedi ya alumini hupinda injini inapochemka. Huwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa fila. Upindaji unaozidi takriban milimita 0.05 hadi 0.10, kutegemea injini, huhitaji kuchongwa. Kila uchongaji, hata hivyo, hupunguza unene wa hedi na kuongeza mgandamizo, kwa hivyo hedi haichongwi mara nyingi. Yenye ufa huweza kuchomelewa kwa gesi ya agoni baada ya kupashwa moto taratibu, kisha hujaribiwa kwa shinikizo la hewa ndani ya maji ya moto.

Miongozo ya valvu iliyolegea hubadilishwa kwa mingine iliyokerezwa kutoka bronzi au chuma cha kalibu. Viti vya valvu vilivyochakaa hung'olewa na vipya kupigiliwa.

Hapa pana suala ambalo wenye magari wengi hulisahau. Injini za miaka ya 1960 na 1970 zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na mabaki ya risasi hiyo yaliukinga uso wa viti vya valvu za moshi. Kufuatia azimio la Dakar la Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Tangu hapo, injini yenye viti laini, hasa vilivyochongwa ndani ya hedi ya chuma, huvila polepole hadi valvu zikose kufunga. Kwa hivyo hedi ya injini kama hiyo ikishafunguliwa, inafaa iwekewe viti vigumu papo hapo.

Kabureta, rejeta na pampu ya maji

Kabureta ya zamani huonekana imekufa wakati tatizo ni moja tu: tundu la mhimili wa kilango cha hewa limepanuka na linavuta hewa ya ziada. Injini hukataa kutulia ikiwa tupu hata skrubu zikizungushwa kutwa. Tiba ni kutanua tundu, kupigilia bushi nyembamba ya bronzi na kukereza mhimili mpya. Jeti husafishwa kwa hewa na dawa. Waya haupitishwi, kwa kuwa tundu likipanuka kidogo tu kipimo cha mafuta hupotea.

Rejeta za shaba zina faida kubwa juu ya zile za kisasa za alumini na plastiki. Hufunguliwa, husafishwa, hulehemiwa na hata kubadilishwa moyo mzima. Pampu ya maji nayo ni beringi, sili, mhimili na panga. Vitatu vya kwanza hutafutwa kwa vipimo au hukerezwa.

Vinavyotengenezwa upya

Gaskiti za sampu, pampu na kabureta hukatwa kwa mkono kutoka karatasi maalumu au koki. Bushi, pini, mihimili mifupi na puli ni kazi za kila siku za mkerezaji.

Eneo la Kakamega lina historia iliyosaidia ufundi wa aina hii. Kiwanda cha sukari hakiwezi kwenda bila karakana ya mashine, na kile cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, ajira nyingi zilikuwa zimepotea, zikiwemo za ufundi wa vyuma. Viwanda vingine vya sukari vya kaunti hiyo bado vinahitaji stadi hizo. Kusini mwa mji, chuo cha kitaifa cha ufundi cha Sigalagala hufundisha uhandisi wa mitambo na magari.

Kusubu alumini kunawezekana hata katika vibanda vya jua kali, kwa kuwa alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za selsiasi, joto ambalo tanuri la makaa hulifikia. Ndiyo maana pistoni nyingi kuukuu huishia kuwa sufuria. Kielelezo cha kusubia hutengenezwa kikubwa kidogo kuliko kipuri chenyewe, kwa kuwa alumini hunywea kwa zaidi kidogo ya asilimia moja inapopoa. Njia hii inafaa kwa vifuniko, shingo za bomba la maji na vishikizo. Haifai kwa pistoni, ambazo huhitaji mchanganyiko maalumu wa alumini na silikoni pamoja na kukomazwa kwa joto.

Chuma cha kalibu huyeyuka kwa takriban nyuzi 1,200 na huhitaji tanuri la kiwandani. Kwa kazi hiyo, na kwa gia zenye meno, ipo Numerical Machining Complex ya Nairobi, shirika la serikali lililoundwa 1994 baada ya mradi wa gari la Nyayo Pioneer. Magari ya mradi huo yalizinduliwa 1990 na hayakufika sokoni, lakini mashine zake zilibaki na hutumika kutengeneza vipuri.

Visivyopaswa kufufuliwa

Si kila kitu hurekebishwa. Bolti za konrodi zilizotanuka, beringi za krankshafti, ringi, gaskiti ya hedi na cheni iliyonyooka hununuliwa vikiwa vipya. Bolti moja ya konrodi ikikatika injini ikiwa katika kasi, konrodi hutoboa bloku, na bloku ndiyo sehemu isiyo na mbadala.

Hapa ndipo pia vipuri bandia huleta madhara. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya mwaka 2008 ipo, lakini kinga ya kwanza ni kupima. Beringi halisi huandikwa mgongoni kipimo chake, kama vile STD au 0.25. Ringi hujaribiwa kwa kuitia ndani ya silinda na kupima pengo lake. Katika silinda ya milimita 84 pengo hilo huwa karibu milimita 0.3 hadi 0.5. Ringi isiyo na pengo la kutosha hukwama injini inapopata joto, na yenye pengo kubwa huvuta oili.

Kufufua au kubadilisha injini

Wengi hushauriwa kuing'oa injini ya asili na kuweka nyingine ya Kijapani iliyotumika. Wakati mwingine huo ndio uamuzi wa busara, hasa bloku ikiwa imepasuka. Lakini gharama yake haiishii kwenye injini. Vishikizo, giaboksi, mfumo wa umeme na ekzosi huhitaji kubadilishwa pia.

Aidha, nambari ya injini imo katika rekodi za usajili. Mabadiliko hayo sharti yaarifiwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, pamoja na stakabadhi za kuonyesha injini hiyo ilikotoka. Asiyefanya hivyo hukwama siku ya kuuza gari, siku ya kudai bima au siku atakapoulizwa na polisi. Injini iliyofufuliwa hubaki na bloku yake, na nambari yake hubaki ile ile.

Thamani nayo haipuuzwi. Mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic, yaliyoanza 2003, na maonyesho ya Africa Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza 1970, yamewafanya wengi watambue kwamba gari la zamani likiwa na injini yake ya asili ni mali.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili kulinda fedha zake. Anachohitaji ni karatasi. Aombe vipimo vya kila silinda na kila sehemu ya krankshafti viandikwe kabla ya kazi na baada yake. Aulize pistoni na beringi zitatoka wapi kabla chochote hakijachongwa. Atie alama ya rangi kwenye bloku, hedi na krankshafti yake ili asirudishiwe nyingine. Baada ya injini kufungwa, abadilishe oili ya kwanza mapema, kwa kawaida kabla ya kilomita 1,000, na aepuke mizigo mizito katika kipindi hicho.

Kisha vile vipuri vya zamani avipake grisi, avifunge kwa karatasi na kuvihifadhi mahali pakavu, kila kimoja na jina la injini yake. Wakerezaji wanaozijua injini hizi wanazidi kuzeeka, na wanaowarithi wamezoea magari ya kompyuta. Kijana wa Sigalagala atakayeletewa Peugeot 504 miaka kumi ijayo huenda hajawahi kuiona ikifunguliwa, lakini akiwa na kipuri cha kale mkononi na karatasi ya vipimo, kazi hiyo ataiweza.